Kufeli kwa Kuazima

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, hukukosa jambo lolote la kunisifia. Mtihani wa kujiunga na MBA niliufaulu kwa kuponea chupuchupu, nikaitwa kwenye usaili, nikapiga vigelegele kazini kabla sijausoma ujumbe mpaka mwisho. Mwishoni walikuwa wameandika: uje tayari kutueleza siku uliyofeli vibaya kazini, na ulichojifunza.

Hapo ndipo tulipoachana, mimi na wewe. Simu mkononi, mdomo wazi.

Kwa aliyesahau, mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kufulia. Mashuka ya hoteli, mashuka ya hospitali, mataulo, mapazia, vyote vinapita mikononi mwangu. Mzee mwenye kiwanda anastaafu na amechoka na majungu, kwa hiyo alituita wawili akasema wazi.

"Wewe," aliniambia, "ukiniletea habari kwamba chuo kimekukubali, kiti cha umeneja ni chako. Usipoileta, nampa huyu."

Huyu ni mtoto wa kaka yake. Tunamwita Tai, kwa sababu huvaa tai mpaka kwenye chumba cha boila. Ana digrii yake ya biashara tayari, na hajui shuka la kitanda kikubwa linakunjwaje. Wiki hii nzima amekuwa akipita kwenye meza ya meneja na kukalia kiti kidogo, kujaribu tu, kama mtu anayenunua kiatu.

Sasa unaelewa hasira zangu. Twende.

Jumapili mchana familia ilikaa sebuleni kwa mama kunichagulia nilifeli wapi.

Usicheke. Tulikaa kweli. Mama kwenye kiti chake, dada yangu mkekani na mtoto mgongoni, mjomba amelala kwenye kochi na viatu vyake chini, na katikati yetu amesimama shemeji yangu, mume wa dada, tunayemwita Profesa. Profesa ameomba MBA katika vyuo vitatu na vyote vitatu vimemkataa. Ndiye mtaalamu wetu.

"Mimi nazijua njia zote za kukataliwa," alisema. "Kwa hiyo nikikwambia pita hapa, we pita hapo hapo. Kwanza, wakikuuliza kwa nini unataka MBA, usitaje cheo wala mshahara. Sema unataka kuleta mabadiliko. Pili, wakikuuliza udhaifu wako, usiseme unajituma kupita kiasi. Kila mtu analisema hilo. Mimi nililisema kote nilikokwenda."

"Na hili la kufeli?"

"Liwe kubwa. Wale watu hawapendi kufeli kwa rejareja."

Mama akakohoa. "Mwanangu hajafeli. Waambie hivyo."

"Mama, ni swali la lazima."

"Basi waulize na wao wamefeli lini. Isiwe wewe tu unavuliwa nguo mbele za watu."

Dada akasema taratibu, anambembeleza mtoto, "Si useme ndoa yako?"

"Wametaka kufeli kwa kazini."

"Kwani ile haikuwa kazi?"

Nilimtazama mpaka akaona kuna haja ya kwenda kuangalia jiko.

Nikawaambia ninalo la kwangu, la kweli. Mwaka niliopewa zamu, nilikuwa na haraka, nikaacha pazia jekundu lipite na mashuka meupe ya hoteli. Hoteli nzima ililala kwenye mashuka ya pinki. Walikuwa na mkutano wa majaji. Majaji watu wazima, wenye mvi, wamejifunika pinki mpaka kidevuni.

Profesa akatikisa kichwa. "Hiyo ni ajali. Haina mkakati ndani yake. Wewe huendi kuomba kazi ya kufua, unakwenda kuomba MBA."

Ndipo mjomba akafumbua jicho moja pale kwenye kochi.

"Chukua la kwangu," akasema. "Limekaa tu, halina kazi."

Mjomba ni kaka yake mama, na zamani alikuwa na biashara ya kukodisha mahema na viti vya sherehe. Biashara ilikufa kwa siku moja. Sote tulijua hema lilianguka kwenye harusi ya watu, ila mama alikuwa ametukataza kumuuliza. Siku hiyo akasimulia mwenyewe. Hema jeupe lenye mistari ya kijani, uwanjani nyuma ya shule ya msingi. Maharusi wanakata keki, mlingoti wa katikati ukateleza, turubai lote likawashukia. Wageni, maharusi, keki, mpiga picha, wote chini.

"Na wewe ulikuwa wapi?" Profesa akauliza.

"Nilikwenda kutafuta msaada."

"Wapi?"

"Ng'ambo ya ukuta."

Profesa alikuwa ameshaanza kutembea huku na huku, macho yanang'aa. "Humu mna kila kitu. Mna wateja, mna hatari, mna uongozi. Ila hakuna kukimbia. Sasa hivi hadithi ni ya shemeji yangu, na yeye alibaki. Aliinua turubai akatoa watu mmoja mmoja."

"Ningekuwa na nafasi ningefanya hivyo hivyo," mjomba akasema.

"Mlingoti uliteleza kwa nini, Mjomba?" nikauliza.

Mjomba akainama, akaanza kutafuta kiatu chake chini ya kochi. Kiatu kilikuwa mbele yake. Ningekuwa na akili ningeng'ang'ania hapo. Lakini nilikuwa namwona Tai kwenye kile kiti, anazunguka nacho, na mtu mwenye picha kama hiyo kichwani haulizi mara mbili.

Siku ya usaili Profesa alinisindikiza mpaka getini, ananilisha maneno njia nzima. Chuo ni cha mtu na mkewe, akaniambia. Mume ndiye mkuu wa chuo, mke ndiye mkuu wa udahili. Mume anatabasamu, mke anaamua. Mwangalie mke.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na kiyoyozi kinachodondosha matone kwenye ndoo ya plastiki. Mke alivaa miwani yenye mnyororo. Mume alikuwa bwana mpole, mnene kiasi, aliyenitabasamia kama vile nilimletea zawadi.

"Karibu, binti," mke akasema. "Kwa nini unataka MBA?"

"Nataka kuleta mabadiliko."

"Mabadiliko gani?"

"Ya kimaendeleo."

"Wapi?"

"Katika jamii."

Akaweka kalamu mezani. "Tangu asubuhi kila anayeingia humu anataka kuibadilisha jamii. Jamii itachoka. Wewe, wewe mwenyewe, unataka nini?"

Profesa hakuwepo kunizuia. Nikasema, "Nataka kiti cha bosi wangu kabla hakijakaliwa na mpumbavu."

Mkuu wa chuo akacheka mpaka mabega yakatikisika. Mke hakucheka, lakini akaniuliza mpumbavu gani, nikamweleza habari za Tai na boila na mashuka, na nikaona anaandika. Alikuwa ananipenda. Naapa alikuwa ananipenda. Ningeendelea na ukweli, leo ningekuwa nakuandikia kutoka kwenye kile kiti.

"Haya," akasema. "Tueleze ulivyofeli."

Nikalitoa hema la mjomba. Nililieleza vizuri, maana nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya mashine za kukaushia. Turubai, mistari ya kijani, maharusi, keki. Nilipofika kwenye mlingoti, mkuu wa chuo aliacha kutabasamu. Akachukua jagi akajimiminia maji, na glasi ikajaa, na akaendelea kumimina.

"Bwana," mkewe akamwambia, "meza."

"Tuendelee na swali jingine," mkuu akasema huku anafuta maji kwa kiganja. "Muda umekwenda."

"Muda tunao. Binti, hiyo harusi ilikuwa uwanjani, nyuma ya shule ya msingi?"

"Ndiyo, mama." Nikajisifu moyoni kwamba hadithi yangu imemgusa mpaka anaiona.

"Na wewe ukainua turubai ukatoa watu."

"Mmoja mmoja."

"Bibi harusi ulimtoa?"

"Wa kwanza."

"Alikwambia nini?"

Hilo Profesa hakuliandaa. "Alisema asante," nikajibu.

Mama yule akavua miwani. Ikabaki inaning'inia kifuani kwake. 

"Sikusema asante," akasema. "Nilikuwa na keki puani. Wala hakunitoa mtu. Nilitoka mwenyewe, kwa kutambaa, namvuta huyu kwa mkono." Akamwonyesha mumewe kwa kidole gumba, bila kumtazama. "Na mwenye hema alikuwa mwanamume mnene mwenye sharubu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa juu ya ukuta, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Umepungua sana."

Wee. Nimeshawahi kutumbukia kwenye pipa la sabuni ya maji kazini, mbele ya zamu nzima. Siku ile ilikuwa afadhali.

Nikasema yote. Kwamba ni mjomba wangu, kwamba familia ilikaa, kwamba Profesa alitia chumvi na mimi nikakoroga. Nikaomba radhi. Nikachukua mkoba wangu nisimame.

"Kaa," akasema. "La kwako mwenyewe huna?"

Nikamwambia la mashuka ya pinki. Nilimwambia bila mazoezi, na majaji, na mvi zao, na jinsi nilivyokesha nayafua upya kwa mkono nikilia, na jinsi tangu siku ile hakuna shuka linaloingia kwenye mashine ya zamu yangu kabla sijaweka mkono ndani ya pipa na kupekua mpaka chini. Midomo yake ikacheza kidogo.

"Ungeanza na hilo," akasema, "ungekuwa umeshatoka hapa na nafasi yako."

Sijui kama umewahi kuambiwa maneno ya namna hiyo. Mimi yaliniuma kuliko kufukuzwa.

Akavaa miwani tena. "Sikiliza. Mama mkwe wangu mpaka leo anasema lile hema lilikuwa mkosi na mimi ndiye niliyekuja nao. Kila kikiharibika kitu katika ukoo ule, nanyoshewa kidole. Ndoa ya shemeji ikivunjika, ni mimi. Ng'ombe akifa, ni mimi. Kwa hiyo mlete mjomba wako. Aje anieleze usoni kwa nini hema langu lilianguka. Akija kabla sijatangaza majina, nafasi yako ipo. Asipokuja, msalimie huyo mwenye tai."

"Mke wangu," mkuu akasema, "mambo ya zamani hayo."

"Kwako ni ya zamani. Wewe hakuna anayekuita mkosi."

Nikaenda nyumbani mbio. Profesa alinikimbilia nyuma akiuliza kama nilisema lile la mabadiliko. Nikamwambia akinitajia mabadiliko tena nitambadilisha sura.

Mjomba alikuwa uani ananyoa sharubu mbele ya kioo kilichotundikwa dirishani. Nilipomwambia bibi harusi wake ni nani sasa, na bwana harusi ni nani, mkono wenye wembe ukasimama hewani.

"Huyo bwana amekuwa mkuu wa chuo?"

"Ndiyo. Sasa vaa shati twende ukamwombe radhi mkewe. Useme mlingoti ulikuwa mbovu, useme ulilewa, useme lolote. Kiti changu kiko mikononi mwako, Mjomba."

"Mlingoti haukuwa mbovu," akasema. "Wala sikulewa."

Akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, povu limekauka upande mmoja wa uso.

"Yule bwana alikuja nyuma ya hema kabla ya keki. Mfungishaji ndoa alikuwa amechelewa, wakaamua waanze na keki, kiapo bado. Yule bwana akanivuta koti. Akaniambia, mzee, mimi ndoa hii siiwezi, niangushie kitu. Nikamuuliza kitu gani. Akasema chochote, ilimradi kiwe kikubwa. Nikamwambia mimi nimekodiwa kusimamisha hema, siyo kuliangusha. Nikageuka niende kupanga viti. Nilipotazama nyuma, alikuwa ameshafungua kamba ya mlingoti mwenyewe, anarudi ndani kusimama karibu na bibi harusi kana kwamba hajui kitu."

"Na wewe ukaruka ukuta."

"Ningefanyaje? Hema langu, kamba zangu, na anayelia chini ya turubai ni baba wa bibi harusi. Nani angeniuliza kabla ya kunipiga?"

Nilikaa chini kwenye simenti na gauni langu la usaili. Nimekwenda chuoni kujitwisha kufeli kwa mjomba, kumbe hata mjomba mwenyewe kufeli kule alikuwa amekuazima tu.

"Miaka yote hii kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Ulipoteza biashara. Mama alikuwa anakulisha. Watu walikuwa wakikuona barabarani wanaangalia juu kama kuna kitu kitawaangukia."

"Alikuja kuniona baadaye," mjomba akasema. "Yule bwana. Akaniambia kule chini, gizani, bibi harusi alimshika mkono akamwambia usiogope, nipo. Akaniambia ndipo alipompenda, pale pale, na keki shingoni. Wakafunga ndoa wiki iliyofuata, ukumbini, chini ya paa la zege. Akanipigia magoti nisimwambie mke. Sasa mwanangu, mtu kakupigia magoti, ungemfanyaje?"

"Ningemdai mahema yangu."

"Wewe una hasira. Umefanana na mama yako."

Nikamwambia kweli nina hasira, na nina haki nayo. Nikamwambia kuna mama wa watu kila ng'ombe akifa anaitwa mkosi kwa sababu ya kamba aliyofungua mumewe, na kuna mimi nitakayempigia saluti Tai mpaka nizeeke, na wao wanaume wawili wametunza siri yao nzuri ya mapenzi huku wanawake wawili wanalipa. Nilisema na machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Mjomba akashika tena wembe. Alimalizia kunyoa upande uliobaki, akanawa, akaingia ndani.

Ndipo simu yangu ikaita. Namba siijui. Nikapokea.

"Binti," sauti ikasema kwa kunong'ona, "ni mimi, mkuu wa chuo. Umeshaonana na mjomba wako?"

"Nimeonana naye."

"Amekueleza?"

"Amenieleza."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi sikiliza vizuri. Usimlete. Mwambie asafiri, mwambie augue, unavyojua wewe. Jina lako nitalipitisha mimi mwenyewe, leo hii. Nafasi unayo, umeneja unao. Ninachoomba ni asikanyage hapa."

 Unavyonijua, ungedhani nilikuwa na jibu tayari, na mimi nilidhani hivyo. Kumbe nafasi uliyoililia ikiwekwa kiganjani, ulimi unakuwa mzito.

Mlango wa uani ukafunguka. Mjomba akatoka amevaa suti yake ya zamani ya kazi, ile aliyokuwa akivaa kwenye sherehe za watu, imembana tumboni, vifungo vinalia. Hana sharubu. Sikuwahi kuuona mdomo wake wote.

"Kwa ajili ya watu baki nimenyamaza vya kutosha," akasema. "Wewe ni damu yangu. Twende nikamwambie yule mama ni nani aliyefungua kamba."

Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze. Simuni bwana mkuu alikuwa anasema, "Binti, nasubiri. Sema ndiyo tu, nikate."

Na kutoka barazani nikamsikia mama yangu anakaribisha mgeni, kwa ile sauti yake ya kukaribishia watu wa maana. Kisha nikamsikia mgeni mwenyewe anajibu. Amepata anwani yetu kwenye maombi yangu, anasema, asamehewe kuja bila taarifa, ila ameshindwa kusubiri. Viatu vyake vikaanza kuja huku uani, mnyororo wa miwani ukilia.

Simu bado ilikuwa sikioni.

"Binti," mkuu wa chuo akaniuliza, "hiyo sauti ninayoisikia hapo kwenu ni ya nani?"